Kutazama Tena na Kusikiliza Tena

(Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa baada ya sala ya Isha)





Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo si mazoea yetu kulizungumza katika mikutano kama huu, nalo ni starehe ya mtu kukaa nyumbani kwake akasikiliza santuri za jazz za bendi kubwa za Marekani, au akatazama kwa video michezo ya mpira wa kikapu iliyochezwa miaka arobaini au hamsini iliyopita. Mzee wetu mmoja ameuliza, na wengine wakamuunga mkono: mchezo ambao mshindi wake anajulikana tangu zamani una faida gani kwa mwenye kuutazama? Na je, kurudia santuri moja mara ishirini si upuuzi ule ule ambao muumini ametakiwa auepuke? Swali hilo ni la haki, nasi tutajitahidi kulijibu kadiri ya uwezo wetu.

Kabla ya hapo inafaa tubainishe mambo mawili. La kwanza ni kwamba neno jazz kwetu Afrika Mashariki limepata maana yake yenyewe. Wazee wakilisikia hukumbuka Dar es Salaam Jazz Band au Morogoro Jazz, yaani bendi za muziki wa dansi zilizolichukua jina hilo kwa kuwa lilikuwa jina la fahari wakati ule. Jazz tunayoizungumzia usiku huu ni ile iliyoanzishwa na watu weusi wa Marekani, na hasa ile ya bendi kubwa zilizostawi baina ya mwaka 1935 na 1945, kama vile bendi za Duke Ellington, Count Basie na Benny Goodman. La pili ni juu ya hukumu ya ala za muziki. Wanazuoni wamehitilafiana katika jambo hilo tangu zamani, na hotuba hii haikukusudiwa kukata shauri lililowashinda wakubwa wetu. Ndugu anayeona kwamba ala hizo hazijuzu, tunamheshimu kwa uangalifu wake, na bila shaka sehemu inayohusu mpira wa kikapu itamtosha.

Sasa na tuitazame bendi yenyewe. Kwa kawaida ilikuwa na watu 15 au zaidi. Walikuwamo wapiga tarumbeta, wapiga tromboni, na wapiga saksafoni ambao mara nyingi walishika pia klarineti. Kisha walikuwako wanne wa kushika mwendo, yaani wa piano, gitaa, besi na ngoma. Lau kila mmoja wao angepuliza apendavyo, ingekuwa ni kelele tupu. Kwa hiyo alihitajika mpangaji, mtu wa kuandika kila kundi lipige nini na linyamaze wapi. Halafu katika nafasi zilizoachwa makusudi, mpigaji mmoja husimama akapiga peke yake yale yanayomjia kichwani wakati ule ule, na wenzake wakamtandikia sauti za chini ili asimame juu yake. Hivyo ndani ya muziki mmoja mna yaliyoandikwa na mna yaliyozuka, na vyote viwili vinahitajiana.

Mtu akisikiliza mara ya kwanza, sikio lake humfuata yule aliyesimama. Haiwezekani kuwa vinginevyo, kwani ndiye mwenye sauti kubwa. Lakini akirudia mara ya tano na ya kumi, huanza kuwasikia waliokaa. Hapo ndipo tunapotaka kumtaja mtu mmoja ambaye jina lake halijulikani sana huku kwetu. Freddie Green aliingia katika bendi ya Count Basie mwaka 1937 akiwa mpiga gitaa, akadumu humo mpaka alipofariki mwaka 1987. Hiyo ni karibu miaka 50. Katika muda wote huo ilikuwa ni nadra mno kumsikia akipiga peke yake. Alipendelea gitaa lisilo la umeme, akalipiga mapigo manne, manne, sawasawa, kwa sauti ndogo hata msikilizaji asiye makini aweza kuapa kwamba hamna gitaa kabisa katika santuri ile. Ila wapigaji wa tarumbeta, pamoja na nguvu zao zote, walikuwa wakitembea juu ya mapigo yake. Naye Basie mwenyewe, ambaye bendi ilikuwa yake na jina lilikuwa lake, alisifika kwa kupiga noti chache tu kwenye piano na kuwaachia wengine nafasi. Sisi tulihitaji kurudia santuri za Basie mara nyingi sana kabla ya kulisikia gitaa hilo. Na tangu tulipolisikia, hatuwezi tena kutolisikia.

Katika mpira wa kikapu hali ni hiyo hiyo. Wachezaji kumi wako uwanjani na mpira mmoja tu. Mtazamaji asiyejua mwisho wa mchezo ameshikwa na wasiwasi, na mwenye wasiwasi macho yake hayatoki kwenye mpira. Lakini yule anayejua mwisho yu huru. Aweza kumtazama mchezaji asiye na mpira, ambaye amekwenda kusimama imara kama mti mahali fulani ili mlinzi wa mwenzake agongane naye, na mwenzake apate nafasi ya kutupa. Vijana wetu waliopata kanda za Los Angeles Lakers za miaka ya 1980 wanamjua Kurt Rambis, yule wa miwani yenye fremu nene nyeusi. Katika timu iliyojaa mabingwa wa kufunga, kazi yake ilikuwa ni kugombea mpira uliokosa kikapu, kuweka vizuizi, na kukimbia. Pointi zake zilikuwa chache. Siku ya mchezo wenyewe ni watu wangapi walimtazama yeye, hali Magic Johnson yuko pale pale na mpira? Kanda ndiyo inayomrudishia haki yake.

Basi jibu letu la kwanza kwa mzee wetu ni hilo. Kujua mshindi hakuuui mchezo. Kunauondolea pazia.

Kuna jambo jingine ambalo katika msikiti halina budi kutajwa. Michezo mikubwa ya Marekani inapochezwa usiku wa kwao, huku Afrika Mashariki huwa ni baina ya usiku wa manane na alfajiri. Kijana anayekesha kuifuata moja kwa moja, ama ataswali Alfajiri akisinzia, ama hataiswali kwa wakati wake. Na siku hizi, kwa bahati mbaya, wengi wa wanaokesha wanakesha kwa sababu wameweka fedha zao katika kamari. Mchezo wa moja kwa moja haumsubiri muadhini. Kanda humsubiri. Ukibonyeza kitufe, Kareem Abdul-Jabbar atabaki hewani mkono juu mpaka utakaporudi kutoka msikitini. Na hakuna mtu awezaye kuchezea kamari mchezo wa mwaka 1974.

Wala asidhani mtu kwamba kutazama mchezo uliorekodiwa ni unyonge wa sisi tulio mbali. Tarehe 16 Mei 1980, Lakers walipochukua ubingwa kwa kuwafunga Philadelphia 123 kwa 107, na Magic Johnson, aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza, akafunga pointi 42 kwa kuwa Kareem alikuwa ameumia kifundo cha mguu, sehemu kubwa ya Wamarekani wenyewe waliutazama mchezo huo usiku sana, kwa utepe uliocheleweshwa, kwa sababu kituo cha televisheni hakikuuona kuwa na thamani ya kukatiza vipindi vyake vya jioni. Deki za nyumbani nazo zilikuwa zimeanza kuenea, mfumo wa Betamax mwaka 1975 na ule wa VHS mwaka 1976. Makampuni ya filamu yakashtaki kwamba kurekodi nyumbani ni wizi. Shauri hilo lilifika Mahakama Kuu ya Marekani, nayo tarehe 17 Januari 1984, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ikaamua kwamba mtu kurekodi kipindi cha televisheni ili akitazame baadaye nyumbani mwake si kuvunja haki miliki. Kunakili na kuuza ni jambo jingine, na tutalirudia.

Tumeutaja mwaka 1974. Tarehe 10 Mei ya mwaka huo, mjini Boston, timu ya Milwaukee Bucks ilikuwa nyuma kwa pointi moja katika mchezo wa sita wa fainali, zikiwa zimebaki sekunde chache za muda wa nyongeza wa pili. Kareem alipokea mpira, akasogea upande wa kulia, akageuka, akautupa kwa mkono mmoja juu ya kichwa, mtupo wake ule ulioitwa ndoano ya angani. Ukaingia. Bucks walishinda 102 kwa 101. Siku mbili baadaye Boston walishinda mchezo wa saba na kuchukua ubingwa, na kwa hesabu ya vikombe mtupo ule haukuleta kitu. Ila hadi leo watu wanautazama. Kwa yule anayehesabu vikombe tu, jambo hili halina maelezo.

Sasa tugeukie swali ambalo pengine liko nyoyoni mwa wengi: jazz si muziki wa mabaa na ulevi? Ndiyo, sehemu kubwa ya maisha yake imepita humo, na imewaangamiza wapigaji wengi walio hodari. Hatutaificha aibu hiyo. Lakini inatupasa tujue pia kwamba miongoni mwa wapigaji wenyewe walikuwamo Waislamu, na si mmoja wala wawili. Katika miaka ya 1940 na 1950 wanamuziki weusi kadhaa wa Marekani waliingia katika Uislamu, wengi wao kwa njia ya wamisionari wa Jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo ilikuwa imefungua kazi yake nchini humo mwaka 1920. Bendi kubwa ya Dizzy Gillespie ilikuwa na kadhaa wao. Gillespie, ambaye yeye mwenyewe hakusilimu, alieleza katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1979 kwamba baadhi yao walivutwa kwanza na kuona kuwa mtu mweusi mwenye jina la Kiislamu aliweza kuepa baadhi ya madhila ya ubaguzi. Huenda ikawa hivyo kwa baadhi. Lakini wako walioishika dini yao mpaka kufa, na Yusef Lateef ni mmoja wao.

Lateef alizaliwa mwaka 1920, akapiga saksafoni katika bendi ya Gillespie mwaka 1949, na akafariki mwezi Desemba mwaka 2013. Alihiji Makka. Alikaa miaka kadhaa nchini Nigeria akifanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts. Neno jazz lenyewe hakulipenda, kwa kuona kwamba linaudhalilisha muziki wake. Na tangu kiasi cha mwaka 1980 alikataa katakata kupiga mahali popote panapouzwa ulevi. Alijinyima mapato kwa ajili ya uamuzi huo, maana kumbi nyingi za jazz huishi kwa mauzo ya baa.

Sisi tunaona kwamba santuri iliyo nyumbani inafanya kazi inayokaribia ile aliyoifanya Lateef. Inautoa muziki katika moshi na chupa, inauweka mezani kando ya birika la chai, watoto wakiwa karibu. Kilichobaki ni kile walichokifanya wale watu 15 kwa pumzi zao na mikono yao.

Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi, kwani raha hii ililipiwa na wengine. Tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani, chini ya rais wake James Petrillo, kiliwaamuru wanachama wake waache kurekodi santuri. Hoja ya Petrillo ilikuwa hii: mpigaji analipwa mara moja siku ya kurekodi, halafu santuri yake inapigwa redioni na katika mashine za sarafu za mikahawani mara elfu, na kila inapopigwa, mpigaji aliye hai anakosa kazi ya usiku huo. Ni kama fundi aliyelipwa kutengeneza mashine ya kumfukuza yeye mwenyewe kazini. Mgomo ulidumu zaidi ya miaka miwili, mpaka Novemba 1944 kampuni kubwa za mwisho zilipokubali kulipa fungu kwa kila santuri katika mfuko wa chama. Wako waliomcheka Petrillo kwa kupigana na maendeleo. Sisi hatumcheki. Mtu anayekaa sebuleni kwake akiisikia bendi nzima kwa bei ya santuri moja, naye akanunua nakala ya wizi ili apunguze hata bei hiyo, na ajiulize ni nani aliyemlipia.

Mgomo huo ulikuwa na hasara nyingine, nayo inatuuma sisi wapenzi wa santuri. Mwaka 1943 bendi ya Earl Hines ilikuwa nao kwa pamoja Charlie Parker na Dizzy Gillespie, vijana waliokuwa wakiugeuza muziki mzima. Kwa kuwa santuri hazikurekodiwa wakati huo, bendi ile haikuacha hata santuri moja iliyotolewa na kampuni. Watu walioisikia walisimulia, kisha nao wakafa. Katika mpira wa kikapu upo msiba unaofanana na huo. Tarehe 2 Machi 1962, katika mji mdogo wa Hershey, jimbo la Pennsylvania, Wilt Chamberlain wa Philadelphia alifunga pointi 100 katika mchezo mmoja dhidi ya New York, na timu yake ikashinda 169 kwa 147. Televisheni haikuwapo. Watazamaji walikuwa 4,124. Kilichobaki ni sauti ya mtangazaji wa redio katika robo ya nne. Pointi 100, na hakuna jicho la leo lililoona hata moja kati ya hizo!

Na wakati mwingine kinachobaki si kile kilichotokea. Usiku wa tarehe 7 Julai 1956 bendi ya Duke Ellington, iliyokuwa ikihesabiwa kuwa imekwisha zama zake, ilipiga katika tamasha la Newport. Walifufua muziki waliourekodi mwaka 1937 ukiwa umekatwa vipande viwili, kwa kuwa upande mmoja wa santuri za zamani ulichukua kiasi cha dakika tatu tu. Safari hii baina ya vipande hivyo viwili alisimama Paul Gonsalves na saksafoni yake, akapiga mizunguko 27 mfululizo bila kukaa, na maelfu ya watu wakainuka. Santuri iliyotolewa mwaka huo huo ikauzwa kuliko zote alizopata kutoa Ellington. Lakini siri yake ni kwamba Gonsalves alikuwa amesimama mbele ya kipaza sauti kisicho cha kampuni ya santuri, bali cha redio ya Sauti ya Amerika, na ndiyo maana katika santuri ile anasikika kwa mbali. Zaidi ya hayo, sehemu kadhaa zilipigwa upya studio na kutiwa makofi ya bandia. Watu walisikiliza hivyo kwa miaka 40 na ushei. Utepe wa Sauti ya Amerika ulipopatikana, ukaunganishwa na ule wa kampuni, na mwaka 1999 ikatolewa nakala ambayo ndani yake Gonsalves anasikika karibu, na makofi ni ya watu waliokuwapo. Anayetaka kununua, na aulize ile ya mwaka 1999.

Tamasha la Benny Goodman la tarehe 16 Januari 1938 katika ukumbi wa Carnegie Hall lilinusurika kwa namna nyembamba zaidi: nakala zake zilikaa kabatini nyumbani kwake miaka 12 kabla ya kutolewa mwaka 1950.

Kwa hiyo wenye kanda na santuri majumbani wafahamu wameshika nini. Kwa kifupi tu: kanda za VHS zisimamishwe wima kama vitabu, mbali na spika, kwa kuwa spika zina sumaku, na hapa pwani adui mkubwa ni ukungu, ambao ukiingia katika utepe huhamia katika deki, na kutoka deki huingia katika kanda nyingine. Aliye na kanda anayoipenda aihamishe katika diski au kompyuta mapema, kwani kampuni ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza deki hizo, Funai ya Japani, iliacha mwezi Julai mwaka 2016, na mafundi wanapungua. Santuri za plastiki zisiachwe juani, hupinda. Ama zile nzito za zamani zinazozunguka mara 78 kwa dakika, zisisafishwe kamwe kwa spiriti, maana alkoholi huyeyusha utomvu uliotumika kuzitengeneza. Hata santuri, ndugu zetu, ulevi unaziharibu.

Tumalizie na mtu ambaye ndani yake mambo yote haya mawili yamekutana. Kareem Abdul-Jabbar alizaliwa New York mwaka 1947 kwa jina la Ferdinand Lewis Alcindor. Baba yake, mwenye jina lilo hilo, alikuwa amesomea muziki katika chuo cha Juilliard na alikuwa mpiga tromboni wa jazz, lakini mkate wa nyumbani aliutafuta kwa kazi ya polisi wa usafiri wa mjini. Mtoto alikua katika nyumba ya santuri. Alisilimu mwaka 1968, na mwaka 1971, mara baada ya kuchukua ubingwa wake wa kwanza, alianza kutumia hadharani jina tunalomjua nalo. Alipostaafu mwaka 1989 alikuwa amefunga pointi 38,387, hesabu ambayo haikupitwa na mtu mpaka tarehe 7 Februari 2023, LeBron James alipoipita. Mnamo Januari 1983 nyumba yake ya Los Angeles iliteketea kwa moto, na mkusanyiko wake wa santuri za jazz, uliokusanywa kwa miaka mingi, ukaungua wote. Yaliyofuata ni mazuri kuyasimulia: mashabiki wa miji mbalimbali wakaanza kumletea santuri zao wenyewe.

Mwaka uliofuata, 1984, Lakers walishindwa fainali na Boston. Katika mchezo wa tano ukumbi wa Boston Garden, ambao haukuwa na viyoyozi, ulifikia joto la kiasi cha nyuzi 36, na kanda inamwonyesha Kareem kwenye benchi akivuta hewa ya oksijeni. Mwaka 1985 timu hizo mbili zikakutana tena. Lakers walikuwa wamekwisha kushindwa na Boston fainali nane, na hawakuwa wameshinda hata moja. Mchezo wa kwanza, tarehe 27 Mei, ulikuwa fedheha: Boston 148, Lakers 114. Kareem, mwenye umri wa miaka 38, alifunga pointi 12 na kudaka mipira mitatu tu. Magazeti yakasema amezeeka.

Kocha Pat Riley akawaita wachezaji waitazame kanda ya kipigo kile. Desturi ya Kareem katika vikao hivyo ilikuwa ni kukaa nyuma. Siku ile alikwenda akakaa safu ya mbele, akatazama mpaka mwisho mchezo ambao matokeo yake aliyajua kuliko mtu yeyote, akiona kila mahali alipochelewa.

Siku ya mchezo wa pili, tarehe 30 Mei, basi la timu lilikuwa ni la wachezaji na makocha tu, kwa amri ya Riley. Kareem akaomba baba yake apande pamoja nao. Riley akamruhusu, na yule polisi mstaafu, mpiga tromboni, akasafiri na mwanawe mpaka uwanjani. Katika kanda ya mchezo huo Kareem anakimbia mbele ya vijana. Alifunga pointi 30, akadaka mipira 17, akatoa pasi nane za kufunga, na Lakers wakashinda 109 kwa 102. Tarehe 9 Juni, katika ukumbi ule ule wa Boston, walimaliza kazi kwa 111 kwa 100, na Kareem akachaguliwa mchezaji bora wa fainali, miaka 14 tangu alipochaguliwa mara ya kwanza.